Neno Moja, Hesabu Mbili: Historia Fupi ya "Billion" katika Lugha za Ulaya

Miongoni mwa mitego inayomkabili mfasiri, upo mmoja usiokaa katika maneno magumu bali katika maneno anayodhani anayajua. Lugha za Ulaya zina maneno mengi yanayoandikwa kwa herufi zile zile, na hali maana zake ni mbalimbali. Mwaka 1928 Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, walitoa kitabu cha kuwaonya wafasiri wa Kiingereza juu ya maneno yanayofanana kwa sura, wakayaita "marafiki wa uongo". Jina hilo limedumu hata leo.

Hata hivyo, si marafiki wote wa uongo walio na hatari sawa. Neno "pain" kwa Kifaransa ni mkate, na kwa Kiingereza ni maumivu. La kwanza limetokana na neno la Kilatini la mkate. La pili limetokana na neno jingine la Kilatini lenye maana ya adhabu. Maneno haya hayana udugu wowote, yamekutana njiani tu. Neno "gift" ni kinyume chake, kwani udugu upo. Kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu, na kwa Kiswidi ni sumu na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Maana zote hizo zimechipuka katika shina moja, nalo ni la kutoa au kupa. Kijerumani cha zamani nacho kilikuwa na maana ya kitolewacho, kabla maana ya sumu haijalitwaa neno lote.

Maneno hayo humchekesha mfasiri makini kuliko yanavyomdhuru. Hakuna atakayeandika kwamba watoto walikula maumivu kwa chai asubuhi, kwa sababu sentensi yenyewe humkatalia. Hatari iliyo kubwa imo katika maneno ambayo maana zake zimekaribiana mno hata sentensi huzikubali zote mbili. Mfano ulio wazi ni neno la hesabu, "billion".

Mwaka 1484 mwanahisabati Mfaransa Nicolas Chuquet aliandika mswada ambamo tarakimu zilipangwa katika mafungu ya sita sita. Kwa mpango huo, "billion" ilikuwa milioni mara milioni, yaani moja yenye sifuri 12. Katika karne ya 17 baadhi ya Wafaransa walianza kupanga tarakimu tatu tatu, na neno lile lile likashuka hadi kuwa elfu milioni, yaani moja yenye sifuri 9. Marekani ilifuata hesabu hii mpya. Uingereza na Ujerumani zilibaki na ile ya kale.

Kisha pakatokea jambo la ajabu. Mwaka 1961 Ufaransa ikairejea hesabu ya kale kwa amri ya serikali. Mwaka 1974 Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, akalieleza Bunge kwamba mawaziri wake watalitumia neno hilo kwa maana ya elfu milioni, kama Wamarekani. Hivyo katika muda wa miaka 13 mataifa hayo mawili yalipishana, kila moja likashika hesabu iliyoachwa na mwenzake. Herufi za neno hazikubadilika hata moja.

Fikiri basi kazi ya mfasiri wa nyaraka. Ujerumani ilipotoa fedha mpya, Rentenmark, mwezi Novemba 1923, moja yake ilihesabiwa sawa na "Billion" moja ya mark za karatasi. Hiyo ni milioni mara milioni. Mfasiri aliyezoea Kiingereza cha leo akiandika "bilioni moja", ameipunguza hesabu mara 1,000, na sentensi yake itasomeka vizuri bila kasoro yoyote. Vivyo hivyo, kitabu cha Kiingereza kilichopigwa chapa London mwaka 1930 hakihesabu kama gazeti la London la leo.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Kiswahili kimelipokea neno "bilioni" kutoka Kiingereza kwa maana ya elfu milioni. Lakini Burundi na Rwanda, zilizoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoingia mwaka 2022, zina nyaraka nyingi za Kifaransa. Katika nyaraka hizo elfu milioni ni "milliard", nalo ndilo la kufasiriwa "bilioni". Neno "billion" likitokea humo, Kiswahili chake ni "trilioni". Anayefuata sura ya neno atakuwa amepotosha bajeti ya wizara nzima.

Yafaa basi mfasiri ajiulize mambo matatu kabla ya kuandika: maandishi haya ni ya lugha gani, ya nchi gani na ya mwaka gani. Pale penye shaka, aandike tarakimu zote pamoja na sifuri zake, maana sifuri hazina lahaja. Na sisi tunaosanifu istilahi tuna funzo letu. Neno la kuazima halitufikii na maana moja iliyofungwa ndani yake. Maana huwekwa na wale wanaolitumia, nao huweza kuibadili. Kwa hiyo haitoshi kuliingiza neno katika orodha. Hatuna budi kuandika kando yake kipimo chake, ili mwalimu wa Kigoma na karani wa Bujumbura wahesabu kitu kimoja.