Ngoma ya Mwami na Wanawake wa Burundi

Mnamo Oktoba 2017, Bujumbura ilipata amri mpya ya Rais kuhusu upigaji ngoma. Kikundi kinachotaka kupiga ngoma nje ya sherehe za serikali kilitakiwa kuwa na kibali cha wizara inayosimamia utamaduni na kulipa ada ya faranga 500,000. Amri hiyohiyo iliwakataza wanawake kupiga ngoma, ikawaachia kucheza michezo ya kike inayosindikiza wapigaji. Lengo lililotajwa lilikuwa kuhifadhi urithi ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake mwaka 2014. Lengo hilo ni jema, na hakuna Mrundi anayependa kuona ngoma ya mababu ikigeuzwa kelele za biashara. Ila kifungu kinachowahusu wanawake kimesimama juu ya nusu ya historia tu. Nusu ya pili inaonyesha kwamba mila ya ngoma iliwaweka wanawake ndani yake tangu mwanzo, na kwamba waliobadilisha mila hiyo mara kwa mara hawakuwa wanawake.

Tuanze na ngoma iliyokuwa kuu kuliko zote, Karyenda, alama ya ufalme wenyewe. Karyenda ilitolewa hadharani katika umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, ambapo mwami, yaani mfalme, aliubariki mwaka mpya wa kilimo. Ngoma hiyo ilikuwa na mwanamke aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, aliyeitwa Mukakaryenda na kuhesabiwa kuwa mke wa Karyenda. Hata ngoma za kawaida zilichongwa kwa mawazo ya mwili wa mama, kwani sehemu zake hutajwa kama matiti, tumbo na kitovu. Katika utawala wenyewe nako mama wa mwami alikuwa mtu wa kuogopwa. Mwami Mutaga alipofariki mwaka 1915, aliyerithi kiti, Mwambutsa, alikuwa mtoto mdogo, na Ririkumutima, mjane wa mwami aliyemtangulia Mutaga, Mwezi Gisabo, akawa miongoni mwa walioshika hatamu za nchi hadi alipokufa mwaka 1917. Mwaka 1934, Inamujandi, mwanamke aliyesifika kwa utabiri, aliongoza uasi dhidi ya Wabelgiji na machifu wao kaskazini-magharibi mwa nchi. Ukiyaweka haya pamoja, huwezi kusema kwamba ufalme uliosemwa kwa sauti ya ngoma ulikuwa nyumba ya wanaume peke yao.

Mtetezi wa amri atajibu kwamba kuitunza ngoma ni jambo moja na kuipiga ni jambo lingine, na kwamba mikono iliyoshika mirisho, vijiti vya kupigia ngoma, ilikuwa ya wanaume. Hapo ana haki, na hakuna sababu ya kumbishia. Lakini hoja yake ikifuatwa hadi mwisho itamrudia mwenyewe. Zamani si kila mwanamume aliyeruhusiwa kupiga. Kazi hiyo ilikuwa ya koo maalumu, abatimbo, walioishi kwenye vilima vya ngoma kama Gishora karibu na Gitega, na walipiga kwa ajili ya mwami. Wabelgiji na wamisionari waliubana umuganuro hadi ukakoma mwaka 1929. Ufalme nao ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966. Tangu hapo ngoma imetoka kwenye ibada ya ufalme ikaingia kwenye harusi, viwanja vya michezo na mapokezi ya wageni, na vijana wa mjini wasio na nasaba yoyote ya kilima cha ngoma wanaipiga bila kuulizwa ukoo wao. Kwa mwanamume, basi, mila imefunguliwa mlango mmoja baada ya mwingine. Anayesema kwamba haiwezi kufunguliwa kwa mwanamke hatetei mila ya kale. Anachagua ni badiliko lipi limpendeze.

Wengine husema wanawake wana sanaa yao, kwa hiyo waiache ngoma. Kweli wanayo, na uzuri wake hauna shaka. Akazehe ni salamu ya kuimbwa ya wanawake na wasichana: wawili wanapokutana hubadilishana sauti kwa kasi, moja ikiingia katika mapengo ya nyingine, hadi msikilizaji ashindwe kujua nani anaimba nini. Mwaka 1967 Mfaransa Michel Vuylsteke alirekodi muziki wa Burundi, na sahani iliyotoka kwa lebo ya Ocora ilikuwa na akazehe pamoja na ngoma. Kilichofuata kinafundisha. Wanamuziki wa Ulaya na Amerika walizichukua ngoma. Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake wa mwaka 1975, "The Jungle Line". Akazehe ilibaki kwenye sahani ileile, ikifuatiliwa zaidi na watafiti. UNESCO nayo mwaka 2014 iliingiza ngoma katika orodha yake. Kama kweli sanaa ya wanawake ndiyo fungu lao, swali ni kwa nini fungu hilo halikupata ulinzi wa nguvu ile ile.

Inabaki hofu kwamba ngoma itapoteza hadhi ikipigwa na wanawake. Mifano ya kuipima ipo. Katika nchi jirani ya Rwanda, Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, na hadhi ya ngoma ya Rwanda haikuporomoka. Mbali zaidi, katika mji wa San Sebastián nchini Hispania, sikukuu ya ngoma ya tarehe 20 Januari ilikuwa ya wanaume hadi chama cha Kresala kilipowakubali wanawake mwaka 1980. Sikukuu hiyo ingali inaujaza mji kila mwaka. Hapa Bujumbura penyewe, Marie-Louise Sibazuri aliandika mchezo wa redio wa Studio Ijambo, "Umubanyi niwe Muryango", ulioanza mwaka 1997 wakati nchi ikiwa vitani, ukihusu ujirani wa Wahutu na Watutsi, na ukasikilizwa na pande zote mbili. Hakuna aliyesema sanaa ya mchezo iliharibika kwa kuandikwa na mwanamke.

Kibali na ada vinaweza kujadiliwa kama njia ya kuzuia ngoma isiuzwe ovyo, maana hayo ni masuala ya usimamizi. Kuwafungia wanawake si usimamizi, wala hakuna ushahidi wa historia unaokilazimisha kifungu hicho. Wenye mamlaka na wakiondoe, na fedha za ada zinazokusanywa zitumike kurekodi akazehe kwa bibi wanaoijua, kabla hawajaondoka nayo.