Marundo ya Mawe ya Ngorongoro: Makaburi ya Kale Yanayolindwa na Sheria

Katika sakafu ya Kreta ya Ngorongoro, magharibi mwa Jiji la Arusha, yapo marundo ya mawe ambayo kwa asiyeyafahamu huonekana kama mawe ya kawaida. Hayo ni makaburi. Yalijengwa na jamii za wafugaji zilizoishi katika nyanda hizo za juu takriban miaka 2,000 iliyopita, kabla ya kufika kwa Wadatoga na Wamasai.

Baadhi ya makaburi hayo yalichimbwa na mwanajiolojia Hans Reck enzi za utawala wa Kijerumani. Ripoti ya uchimbaji uliofuata ilichapishwa na Mary Leakey mwaka 1966. Pamoja na mifupa ya binadamu, humo yalipatikana mabakuli ya mawe, mawe ya kusagia na shanga. Mabakuli ya aina hiyo yamepatikana pia katika makaburi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ishara kwamba wafugaji wa kale wa ukanda huu walishirikiana mila za maziko.

Asili ya wafugaji hao imeanza kufahamika kupitia mabaki yao. Uchunguzi wa vinasaba vya mtoto aliyezikwa Luxmanda, mkoani Manyara, takriban miaka 3,100 iliyopita, uliochapishwa mwaka 2017, ulionesha kuwa sehemu ya nasaba yake inahusiana na jamii za kale za Mashariki ya Kati.

Jamii hizo hazikuacha maandishi. Mpangilio wa mawe, mifupa na vifaa ndani ya kaburi ndiyo kumbukumbu pekee, ukivurugwa, haurudishiki. Jiwe linalookotwa kujengea uzio, au shanga inayochukuliwa kuwa ukumbusho wa safari, huondoka na sehemu ya historia ya Taifa.

Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, iliyotungwa mwaka 1964, inalinda majengo na maziko ya kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wake unahitaji kibali. Ngorongoro yenyewe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1979, na mwaka 2010 UNESCO ilitambua pia thamani yake ya kiutamaduni.

Mwananchi anayekuta rundo la mawe linaloshukiwa kuwa kaburi la kale, shambani au malishoni, anapaswa kuliacha lilivyo na kutoa taarifa mapema kwa uongozi wa Serikali wa eneo lake au Idara ya Mambo ya Kale.