Kutoka kwenye kahawa ya Mbinga hadi ufukwe wa Nyasa kwa miguu: uende na nani?

Wadau, kule Cape Town wanauza matembezi kwenye mashamba ya zabibu karibu na bahari na watalii wanalipa. Sisi tuna kahawa milimani na Ziwa Nyasa chini yake, ila ukiuliza uende na nani unaambiwa "nenda tu". Usiende tu.

Njia ninayoipa namba moja ni ya Umatengo, upande wa Litembo. Milima inafika karibu mita 2,000 na ziwa liko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo ukishuka magoti ndiyo yatalia. Njiani utaona ngoro, kilimo cha Wamatengo cha kwenye mteremko mkali: nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa miraba, zinafunikwa udongo, katikati linabaki shimo. Mvua ikipiga, maji yanatuama shimoni badala ya kuondoka na shamba. Kuna na mapango ambamo watu walijificha Wangoni walipovamia karne ya 19. Mwongozaji asiyeweza kukueleza ngoro huyo ni mbeba begi, mlipe bei ya mbeba begi.

Njia ya pili ni ya ufukweni, Mbamba Bay kwenda Liuli. Ndefu, kipande panda gari. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, na hapo Agosti 1914 meli ya Waingereza Guendolen iliishambulia Hermann von Wissmann.

Upande wa Ngaka kwenye makaa ya mawe nauruka. Malori na vumbi, basi.

Kabla ya kutoa hela, uliza: serikali ya kijiji inamjua? Bei ni ya kundi au ya kila kichwa, na chakula kimo? Mimi huwa napita kwanza kwa mtendaji wa kijiji, maana kijana aliyetajwa pale hawezi kukuacha porini halafu akarudi kulala kwao. Halafu muulize pa kuoga. Akisema ziwa zima halina mamba wala kichocho, tafuta mwingine.

Nenda Juni hadi Septemba, kukavu na kahawa inachumwa, ila beba sweta. Machi ni utelezi mtupu. Kurudi si tabu, barabara ya Mbamba Bay hadi Mbinga sasa ni lami: shuka kwa miguu, panda kwa gari.