Higurashi: Gemu ya Kijapani Ambayo Mtu wa Shinyanga Anaijua Kabla Hajaicheza

Ukimwambia mtu kuna gemu ya kutisha, picha inayomjia ni ya kukimbizwa na mazombi kwenye jengo lenye giza. Higurashi no Naku Koro ni haina hayo. Hukimbii, hupigi risasi, hufungui milango. Unasoma tu. Maandishi yanapita kwenye skrini, nyuma yake kuna picha ya darasa au ya njia ya kijijini, mbele wamesimama watoto waliochorwa kwa mkono, na muziki unapiga. Gemu nyingi za kusoma za namna hii angalau hukuachia uchague jibu moja kati ya mawili au matatu. Hii hata hilo haikupi. Unabonyeza, hadithi inasonga. Mwenye hamu ya kubonyeza-bonyeza kwa kasi ataiacha ndani ya nusu saa.

Na bado watu wamekesha nayo kwa zaidi ya miaka 20.

Ilianza kuuzwa Agosti 2002 jijini Tokyo, kwenye Comiket, yale maonyesho makubwa ambako watu huuza kazi zao wenyewe bila kampuni kubwa nyuma yao. Kikundi kilichoitoa, 07th Expansion, kilikuwa kidogo sana. Mtunzi alikuwa mtumishi wa serikali aliyeandika kwa muda wake wa ziada, na picha alizichora yeye mwenyewe. Inaonekana! Mikono ya wahusika wake imevimba kama imevishwa glavu, na mashabiki wanaitania mpaka leo. Sura zilitoka moja moja, nane kwa jumla, ya mwisho Agosti 2006. Nne za kwanza zinauliza maswali, nne za pili zinajibu. Toleo la Kiingereza lililoboreshwa lilianza kuingia Steam mwaka 2015.

Kuanzia hapa siri za hadithi zinafichuliwa. Asiyetaka kuzijua akaicheze kwanza.

Mwaka ni 1983, mwezi Juni. Kijana wa mjini amehamia na wazazi wake kwenye kijiji cha milimani kiitwacho Hinamizawa. Shule ya pale ina darasa moja tu, wadogo na wakubwa wamechanganywa, mwalimu mmoja, na jengo lenyewe la kuazima kutoka ofisi ya misitu. Wanafunzi wenzake wanampokea vizuri mno. Kila siku baada ya masomo wanacheza karata na michezo mingine, na anayeshindwa anapewa adhabu ya kuchekesha. Sehemu hii ni ndefu kupita kiasi. Saa kadhaa za utani wa watoto, mwingine wala hauchekeshi. Lakini mtunzi anajua anachofanya: anataka uwapende watoto hawa kabla hajaanza kukutia shaka juu yao.

Kisha inakuja sikukuu ya kijiji. Wanachana magodoro ya zamani, wanatoa pamba ya ndani na kuiachia ielee mtoni. Jina la sikukuu lina maana hiyohiyo, kuelesha pamba. Mtu aliyekulia Maswa au Kishapu, ambako pamba ni ada ya shule na bati la nyumba, atashangaa kukutana nayo huko.

Ndipo kijana anaanza kusikia mambo. Miaka michache nyuma wanakijiji walipigana na mradi wa bwawa ambao ungezamisha makazi yao. Msimamizi wa ujenzi aliuawa. Tangu hapo, kila mwaka usiku wa sikukuu mtu mmoja anakufa na mwingine anatoweka, na watu wanasema ni laana ya mungu wa kijiji. Anawauliza marafiki zake. Wanasema hakuna kitu. Wanamficha, kumbe kwa nia njema, wasimtishe mgeni. Halafu anatokea mpelelezi mmoja wa polisi, mzee mcheshi, anamvuta pembeni na kumwambia taratibu kwamba hao marafiki zako, hebu waangalie vizuri.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa anapofika hapo hahitaji maelezo. Jambo hilo lina jina lake kwa Kiswahili, na serikali yenyewe hulitumia kwenye matangazo: ramli chonganishi. Mpelelezi hamtaji mtu moja kwa moja. Anakuachia wewe umtaje. Mgonjwa anakwenda kwa nfumu na ng'ombe wake waliokufa au mtoto aliyeugua, anaambiwa adui yupo karibu, ni mwanamke, ni jirani, labda ni wa ukoo. Akirudi nyumbani, jibu amelipata njiani.

Baada ya hapo kijana anageuka mwingine. Rafiki akicheka, anacheka kwa sababu ana siri. Rafiki akinyamaza, anapanga. Wasichana wawili wanamletea chakula nyumbani kwa kuwa hakwenda shule, anauma na kukuta sindano ndani. Na wewe unayesoma unakubali, maana huoni ila anachokiona yeye. Kufikia mwisho wa sura ya kwanza anachukua rungu la mchezo wa besiboli na kuwaua wasichana wale wawili, na kuna dakika ambayo msomaji yuko upande wake. Ustadi wa gemu nzima uko hapo. Bila kukuonyesha zimwi hata moja, imekufanya mmoja wa waliohukumu.

Sasa turudi Usukumani. Takwimu za serikali zilizokusanywa kwa miaka ya 1970 hadi 1984 zilihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Wanawake walikuwa 2,286. Zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalikuwa Mwanza na Shinyanga. Wengi walikuwa bibi wazee, na ushahidi uliotajwa mara kwa mara ni macho mekundu. Hapa historia ina ukatili wake wa aina yake. Misitu mingi ya Shinyanga ilikatwa tangu enzi za mkoloni ili kuangamiza mbung'o, halafu pamba na mifugo vikamaliza iliyobaki. Kuni zikawa shida, wanawake wakapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unachoma macho. Bibi aliyepikia familia miaka arobaini kwenye jiko la ndani alikuwa na macho mekundu kwa sababu ya kuwapikia haohao waliokuja kumwangalia vibaya. Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na ngitili zikaanza kurudisha miti. Kwa bibi wengi ilikuwa imechelewa.

Dola nayo iliingia kama yule mpelelezi. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kukomesha mauaji hayo Mwanza na Shinyanga. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao walifia mikononi mwa vyombo vya dola. Kashfa hiyo ilipofumuka, waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu mwanzoni mwa 1977 ingawa hakushika rungu yeye mwenyewe. Mwaka 1985 mtu huyohuyo akawa Rais wa nchi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu kabisa na wakati ambao gemu imewekwa, sungusungu walichipuka Kahama na kuenea kwa pinde na mishale. Walipunguza wizi wa ng'ombe, hilo watu wanawashukuru. Lakini walishughulika pia na "wachawi", na mwanamke aliyetengwa na kijiji hakuwa na wa kumwuzia chumvi wala wa kumpa moto.

Kwa nini gemu iweke hofu hii shuleni? Kwa sababu shule ni mahali ambapo maneno hukimbia kuliko popote. Kila aliyelala bweni anajua habari za mwanamke mwenye kwato au choo cha mwisho ambacho haendi mtu peke yake. Japani nao wana msichana wao wa chooni, Hanako. Hofu ya bweni haihitaji shahidi, inahitaji taa kuzimwa tu.

Na mfano mkubwa kabisa uko ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijapita tangu uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko, mwingine saa chache, mwingine siku hadi 16. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Shule ikafungwa Machi 18, ikafunguliwa Mei 21, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wasichana waliporudishwa makwao kikaenda nao: kijiji cha Nshamba kilipata wagonjwa 217. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hawakukuta kitu. Waliandika mwaka uliofuata kwamba ni mshituko wa akili unaoambukizana kwa kuonana. Watu huko nje husimulia kisa hiki kama kichekesho. Hakikuwa kichekesho. Mabinti wale waliogopa, baadhi walisema kuna watu wanawafukuza.

Mtunzi wa Higurashi naye mwishoni anatoa jibu la kidaktari. Sura za majibu zinaeleza kwamba Hinamizawa ina ugonjwa wake, unaolipuka mtu akiwa na hofu na upweke, unamfanya aone kila mtu anataka kumwua. Mpaka hapo sawa. Tatizo ni kwamba anaongeza utafiti wa siri, askari na njama za wakubwa, na hapo gemu inajipunguzia makali. Inampa msomaji adui wa kumchukia ili apumue. Shinyanga hapakuwa na maabara ya siri. Palikuwa na ukame, mtoto mgonjwa, shamba la urithi ambalo mjane alikuwa bado analikalia, na mtu wa kulipwa aseme neno.

Hata hivyo imezipita filamu nyingi za kutisha za Bongo. Tangu Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000, soko limejaa majini, makaburi na bibi wabaya wa kijijini. Baadhi ni burudani tamu kabisa. Ila nyingi mwisho wake ni kuthibitisha: bibi aliyetuhumiwa kumbe kweli ni mchawi, mchungaji au mganga anamshinda, makofi. Ni ramli chonganishi yenye muziki. Filamu ambayo mtuhumiwa anakutwa hana hatia, na waliomtuhumu wakabaki wanatazamana, ingeuza? Hakuna aliyejaribu sana kujua.

Kuna jambo moja, lakini, ambalo gemu hii na ndugu zake zote za shule zimelikosa, na Shinyanga inalo. Kwenye gemu, shule ndiyo penye hatari na nyumbani ndiko unakokimbilia. Pale Buhangija, shule ya msingi ya serikali ndani ya manispaa ya Shinyanga, mambo yaligeuka. Ilikuwa na kitengo cha watoto wasioona na viziwi. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoanza kuripotiwa kwa wingi kuanzia 2007, watu wakiamini viungo vyao vinaleta bahati kwenye machimbo ya dhahabu na uvuvi, watoto wenye ualbino wakaanza kupelekwa humo kwa usalama. Wengine walifika wakiwa hawajafikia hata umri wa kuanza shule. Mabweni yakafurika. Kengele ya kufunga shule, ile inayofanya mwanafunzi yeyote aruke, kwao haikuwa na furaha, maana nyumbani ndiko kwenye jirani, mjomba, wakati mwingine mzazi mwenyewe aliyeahidiwa pesa. Kuna waliokaa miaka bila kuonana na mama zao. Septemba 2009 mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu wanaume watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Uzio wa Buhangija ukabaki.

Kwa anayetaka kuicheza Higurashi: inakubali kompyuta ya kawaida kabisa, haili bando baada ya kupakuliwa, na Kiingereza chake ni cha kila siku. Anza na Onikakushi, vumilia utani wa mwanzo, usiku vaa spika za masikioni kwa ajili ya sauti ya nyenje. Kisha usiishie hapo. Ifuate mpaka sura ya sita, ambako yule kijana, kwenye maisha mengine, anakumbuka siku alipoletewa chakula. Anaitazama upya picha ileile, wasichana walewale wawili mlangoni wamekuja kumjulia hali mwenzao mgonjwa. Sindano haikuwemo. Walimtania kwa kuweka pilipili.