Neno la Wiki: Usahaulifu

Huku kwetu Kwamndolwa, bibi akianza kupotea njia ya shambani tunasema "ana usahaulifu", basi, tunaishia hapo. Neno hilo halimtoshi. Sahau tumeipata kwenye Kiarabu, sahw, yaani kupitiwa. Anayeswali akipitiwa na rakaa huileta sijda ya sahau, yakaisha. Huo ndio usahaulifu: unalitafuta jembe, kumbe umeliegemeza mlangoni. Lakini mzee aliyelishika jembe mkononi asijue ni la kazi gani, au anayemuuliza mwanawe wa kumzaa "wewe mtoto wa nani?", huyo hakupitiwa. Ubongo wake unaugua. Semeni ana demensia, au ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wazimu si neno lake, na kumwita mchawi ni dhuluma. Utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa huu kwa watu wapatao 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

"Ugonjwa wa kutetemeka" nao jina lake linaficha mengi. James Parkinson, daktari ambaye ugonjwa huu huitwa kwa jina lake, mwenyewe aliandika mwaka 1817 kwamba akili ya mgonjwa haiguswi. Sasa inajulikana kuwa maradhi haya huweza kumwondolea mtu uwezo wa kunusa, kumfunga choo, kumvuruga usingizi na kumtia huzuni miaka kadhaa kabla mkono haujatetemeka, kisha baadaye yakaidhoofisha akili. Kwa hiyo mkisema "babu anatetemeka, na siku hizi amekuwa msahaulifu tu", hilo "tu" liondoeni, na daktari aambiwe yote mawili.