Sani za zamani si karatasi ya kufungia karanga

Wapo watu Sombetini wanaosema hadithi ya mapenzi au katuni ni ya kusoma mara moja tu. Ukishajua nani kampata nani, basi, ikafungie karanga.

Lakini chukua Sani, gazeti la katuni na hadithi lililoanza miaka ya 1970 na kusomwa Tanzania nzima. Humo alikuwemo Madenge mtundu, Ndumilakuwili mjanja, na Lodi Lofa. Jina la huyu lenyewe ni kichekesho: lodi, bwana mkubwa, lofa, asiye na kitu.

Mara ya kwanza unacheka tu. Ukirudia unaiona miaka ya 1980: sukari na sabuni kwa foleni, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi. Wakati huo kijana kujifanya anazo ili apate mchumba halikuwa jambo dogo. Kitabu cha shule kitakupa tarehe, ila hakikuambii vijana walitongozana vipi na waliona aibu gani.

Kwa hiyo zinafaa kurudiwa, tena sana. Shida ni kwamba nyingi zilishaishia kwenye karanga. Kama nyumbani imebaki hata moja chini ya godoro, isome upya kabla panya hawajakuwahi.