Kisanduku cha Plaiwudi

Katika karne ya 1, Hero wa Alexandria alieleza chombo cha kuuzia maji matakatifu hekaluni. Muumini alidumbukiza sarafu, sarafu ikatua kwenye ncha ya wenzo, wenzo ukafungua mfereji wa maji. Sarafu ilipoteleza na kuanguka, mfereji ukajifunga. Hakuna nyongeza, hakuna kubembelezana. Nasaba ya mashine za vitafunio inaanzia hapo, kwenye shaka juu ya uaminifu wa mnunuzi.

Shaka hiyo ililala karne nyingi. Mwaka 1888 mashine za kuuza bazoka (chingamu) aina ya Tutti-Frutti zilisimamishwa kwenye majukwaa ya treni za juu jijini New York, na baadaye uuzaji wa namna hiyo ukaingia kazini. Lakini mashine haina kazi pasipo dakika za kuiendea, na dakika hizo ziligombaniwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kiwanda kidogo cha kufuma tai cha Los Wigwam Weavers, Denver, kilipoteza vijana wake kwa sababu ya vita. Mwenye kiwanda, Phil Greinetz, akaajiri kina mama wa makamo. Walifuma vizuri ila walichoka mapema, nao wakaomba mapumziko mawili ya robo saa, pamoja na kahawa. Kazi ikapanda. Greinetz, kwa furaha, akayafanya mapumziko kuwa ya lazima, kisha akayakata kwenye ujira! Jambo hilo likafika mahakamani, na katika mahakama ya rufaa mwaka 1956 uamuzi ulikuwa kwamba robo saa hizo zinamfaidi mwajiri pia, kwa hiyo azilipie. Tayari tangu 1947 kampuni ya Rudd-Melikian ya Philadelphia ilikuwa na mashine yake ya Kwik Kafe, iliyomimina kahawa moto kwenye kikombe cha karatasi.

Viwanda vikubwa vikashiba. Ofisi ya watu thelathini je? Mashine hutaka mtu wa kuijaza, fundi na umeme, na midomo michache hairudishi gharama hizo.

Pengo hilo lilizibwa na mchumi. Paul Feldman alianza kazi Washington kwa kuchambua gharama za silaha, na katika taasisi ya utafiti alikofanya kazi, siku za Ijumaa aliwaletea wenzake bagel, ile mikate ya mduara yenye tundu katikati. Watu wa ghorofa za jirani wakanusa habari. Akaweka kikapu na bei, bila msimamizi. Kama asilimia 95 ya fedha zikarudi. Mwaka 1984 akaacha kazi akauze bagel. Rafiki zake wachumi walidhani amerukwa na akili.

Asubuhi na mapema alizungukia ofisi, akaacha mikate na chombo cha fedha. Kabla ya chakula cha mchana alirudi kuchukua fedha na masalia. Baada ya miaka michache alikuwa akipeleka bagel 8,400 kwa wiki kwenye kampuni 140. Mwanzoni alitumia vikapu vya wazi, kisha mikebe ya kahawa iliyotobolewa kifuniko, lakini fedha ziliyeyuka. Akachonga visanduku vya plaiwudi vyenye mwanya juu.

Kwa kuwa alikuwa mchumi, aliandika kila kitu. Ofisi za watu makumi zililipa vizuri kuliko za mamia, kwa asilimia 3 hadi 5; mahali ambapo kila mtu anajua nani amekula, aibu hukusanya deni. Katika kampuni moja iliyokalia ghorofa tatu, wakubwa wakiwa juu na wafanyakazi wa kawaida chini, Feldman alifikia dhana kwamba wakubwa ndio waliozidi kula bila kulipa.

Lakini visanduku vyenyewe viliguswa mara chache mno. Kati ya takriban 7,000 alivyoacha maofisini kwa mwaka, kwa wastani kiliibwa kimoja. Hata huko juu kwa wakubwa, mikate iliyoliwa ilizidi fedha zilizolipwa, na kisanduku kikabaki pale mezani kikimsubiri mwenyewe.